Nguzo ya Hinoki na Jina Langu Darini

Jumatatu, 4 Novemba
Siku kubwa! Fundi Mkuu Sogoro, anayejenga nyumba ya wageni ya Mama Hatsue, ametutangazia mimi na mwanagenzi mwenzangu Iwao: kila mmoja alete nguzo moja ya mti wa hinoki kwa ajili ya chumba cha heshima. Atakayeleta iliyo bora, jina lake litaandikwa pamoja na la Fundi kwenye ubao wa kumbukumbu unaopigiliwa darini, chini kabisa ya paa. Litakaa huko miaka mia mbili! Marehemu baba alijenga maisha yake yote na jina lake halijapanda hata juu ya mlango wa choo. Mimi, Tokuji, nitapanda.

Jumanne, 5
Iwao kachagua gogo lililolala ghalani miaka kumi. Rangi ya ugoro. Analigonga kwa kidole, anatega sikio kama daktari wa kifua. Nikamuuliza kama mgonjwa atapona. Akanijibu eti mti mbichi hauna adabu, ndugu yangu. Mshamba! Wangu ni mweupe, laini, unanukia. Umekatwa mwezi uliopita. Unyevu? Kidogo tu. Ukiushika, mkono unalowa.

Jumatano, 6
Nimeuingiza mti kwenye chumba cha tanuri, katika bafu la umma la shemeji yangu Kanta. Siku mbili za moto zitafanya kazi ya miaka kumi. Kwa nini hakuna aliyewahi kufikiria hili? Kanta analalamika hana pa kupitisha kuni. Nimemwambia atulie, nitamtaja siku ya sherehe ya kupandisha ubao.

Alhamisi, 7
PAA! Saa sita mchana, bafu limejaa wazee. Mti umepasuka upande wa shina, shubiri mbili nzima. Wazee wakadhani ni tetemeko, wakatimkia barabarani na vitaulo vyao vichwani. Vichwani tu! Kanta hasemi nami.

Ijumaa, 8
Dawa imepatikana. Nimeugeuza mti: shina juu, ncha chini. Ufa wote utamezwa na dari. Nikaufunga karatasi, kama tunavyofunga nguzo zote zisichafuliwe na mikono. Nani ataona?

Jumamosi, 9
Wote wameona. Fundi Sogoro alibandua karatasi na ufa hata hakuuangalia. Aliangalia vifundo. Akaniuliza taratibu kama matawi ya mti huu yalikuwa yakiota kuelekea ardhini. Mama Hatsue akapiga yowe: jamani, nguzo imesimama kichwa chini! Mkosi huo! Nyumba italia usiku, wageni wake watakimbia kabla ya supu ya asubuhi! Iwao alicheka mpaka akakaa kitako.

Jina la Iwao ndilo limeandikwa. Mti wangu umekatwa vipande, Kanta kapewa kuni. Niliumia sana. Nililia nyuma ya rundo la mbao, nikisingizia vumbi.

Ila nilipokuwa nalia niliuona ule ubao mezani, umelazwa kifudifudi, umefunikwa kitambaa cheupe kusubiri sherehe ya kesho. Nikachungulia: mgongoni ni mtupu kabisa.

Jumapili, 10
Nilifika kabla ya watu wote. Nikapenyeza brashi chini ya kitambaa bila kukifunua, nikaandika TOKUJI, herufi nene, za kifalme.

Ikafika sherehe. Fundi akaunyanyua ubao juu ya paa, mgongo ukatuelekea sisi wa chini. Kicheko, mtaa mzima! Jina langu lilikuwa kichwa chini, miguu juu. Mama Hatsue akataka lifutwe. Fundi akamwambia haiwezekani, wino umeshaingia kwenye mbao. Liachwe hivyo hivyo, wajukuu wajue ni nani aliyetuletea ile nguzo. Zilipoanza kurushwa kwa watu keki za mchele, kama ilivyo desturi, Iwao akanilenga ya puani.

Sawa tu. Miaka mia mbili! Nimeshinda. Atakayetaka kunisoma atainamisha kichwa, ndiyo heshima yenyewe.

Halafu nimesikia Mama Hatsue anataka nguzo mbili za lango. Miti nimeshaiona. Mibichi kidogo. Nikaenda kwa Kanta jioni hii kuomba tanuri, nikakuta kafunga mlango kwa kufuli mbili. Dirisha kaliacha wazi.