Mtaalamu wa Mafunjo

Hakuna mbegu inayoweza kumshinda Bramwel! Mpe hata ya mti wa peponi, atakutajia ukoo wake wote. Hayo aliyatangaza kila asubuhi pale kazini, Adams Arcade, kwa sauti ya mtu anayegombea ubunge, na hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Basi Deepa, mwenye kampuni ya bustani iliyomwajiri, akaamua kumjaribu. Akampa kipakiti cha mbegu za mafunjo zilizokusanywa kinamasini kwa taabu.

"Jaribu kama zitaota, Bramwel. Ziweke tu juu ya matope. Usizifunike, zinataka mwanga. Zikiota, wewe ndiye msimamizi wa kitalu."

"Madam, relax! Mimi nilizaliwa na jembe mkononi."

Msimamizi! Jioni hiyo, hata viatu hajavua, alishamwamuru mkewe, Nasimiyu, awe akimwita yeye "bosi".

Kisha akamwaga mbegu kwenye beseni la maji. Kwao Bungoma maharagwe hupimwa hivyo: linalozama ni zima, linaloelea limeliwa na wadudu. Mbegu za mafunjo, nyepesi kama vumbi, zikaelea. Zikazama punje chache tu, nyeusi, zinazong'aa.

"Hizi ndizo original!" akatangaza.

"Lakini si Madam alisema uweke tu kwa matope?" Nasimiyu akauliza.

"Huyo alisomea mbegu kwa kitabu. Wacha nimfunze."

Zilizoelea akazitupa kwenye mtaro nyuma ya nyumba. Zile nyeusi akazifukia vizuri kwenye trei, akazinyunyizia maji, akajipongeza.

Zikaota upesi ajabu! Bramwel akapiga picha na kuituma kwa ukoo mzima: "Mafunjo. Kazi ya mikono yangu." Kichwa kikamvimba hata kofia ikakataa kuingia.

Wiki kadhaa zilipopita, Deepa akafika nyumbani kwa Bramwel, mtaa wa Jamhuri, kukagua. Akachuma shina moja, akalisokota kati ya vidole.

"Shina la mafunjo lina kona tatu, Bramwel. Hili ni la mviringo. Hii ni nini?"

"Ni... ni mafunjo ya kisasa, Madam."

"Ni terere, mchicha tu, mbegu zake zilichanganyika na zako," Nasimiyu akasema. "Mimi huchuma hapo. Bosi amekula juzi na akaongeza."

Deepa hakucheka. "Mbegu zangu ziko wapi?"

Nasimiyu akaonyesha nyuma ya nyumba. Kule mtaroni, juu ya matope, juani, bila kufunikwa na mtu, miche ilikuwa imesimama imesongamana. Deepa akasokota shina moja: kona tatu!

"Mtaro wako umefuata kila nilichosema," akamwambia Bramwel. "Ungekuwa na miguu, ningeupa hicho cheo."

Jumatatu Bramwel alikuwa ndani ya mtaro, maji machafu magotini, aking'oa mche mmoja mmoja wa kupeleka kitaluni huku majirani wote wakitazama.

"Bosi!" Nasimiyu akaita kutoka jikoni. "Ukimaliza kuhudumia msimamizi, terere iko mezani."