Kila Simu ni ya Mafriji

Jumatatu, 3 Juni 1996

Simu imelia asubuhi nikiwa bafuni. Nimetoka mbio na povu kichwani, msuli nimeushika kwa mkono mmoja. Nilijua ni Somoe. Siye! Ni binti wa kampuni ya Baridi Bora, anauza mafriji kwa mkopo.

Mafriji! Katika nyumba zote za Tandika, ampigie simu mie!

Niandike ukweli, maana humu hasomi mtu. Somoe ni mke wangu. Tangu mwezi uliopita yuko Kigamboni kwa kaka yake Twaha. Ugomvi wetu ni friji. Alikuwa nalo moja, akigandishia barafu za ukwaju na kuwauzia watoto wa mtaa. Mie, nilipopunguzwa kazi ya stoo pale shirikani, nikatumia akili. Siku hizi kila kitu ruksa, na biashara ya kesho ni mawasiliano. Nikaliuza friji, nikaingiza simu. Mtaa mzima hauna simu, watakuja kupigia kwangu! Somoe akarudi kutoka maulidini, akakuta kwenye kona ya friji kuna stuli, na juu ya stuli kuna simu. Wala hakufoka. Alifunga mkoba wake, akasema nibaki na huyo mke mpya niliyemuoa. Moyo wake ukipoa atanipigia kwa simu hiyohiyo, mara moja tu. Asiponikuta, basi tena, kila mtu na lake.

Kwa hiyo siwezi kuchomoa waya. Na kumkatia huyu binti pia siwezi! Ananianza na shikamoo. Mie nimelelewa, shikamoo ya mtu haiachwi ikining'inia. Nikijibu tu marahaba, ananiuliza habari za nyumbani, za kazi, za watoto, za majirani, na mama je, hajambo? Nikasema hajambo, anakusalimu. Hapo ndipo akaingiza friji. Anaitwa Sekela. Ana adabu mpaka inatia hasira.

Amepiga tena adhuhuri. Na jioni.

Jumanne, 4 Juni

Leo nimekuwa mkali. Nimemwambia Sekela, baada ya marahaba, kwamba friji sitaki, sijawahi kutaka, jina langu alifute. Akasema sawa baba, amelifuta, samahani sana baba.

Nikatulia. Nikajimiminia chai. Simu! Nimemwaga chai kwenye msuli. Ni Sekela, anapiga kuhakikisha kama kweli nimefutwa.

Saa kumi akapiga kijana anaitwa Gregori, wa kampuni hiyohiyo. Nikamwambia nimeshafutwa. Akasema ndiyo, nimefutwa kwa Sekela, kwake yeye bado. Halafu shikamoo.

Jirani yangu Adelard, fundi seremala, mtu wa Bukoba, anashinda kibarazani kwangu akisubiri simu ya mdogo wake. Amecheka mpaka kikohozi kikampanda. Anasema kama ningekuwa Mhaya ningeongea Kiingereza, wangenikimbia wenyewe. Nikamjibu, baada ya kumfikiria vya kutosha, kwamba anyamaze.

Jumatano, 5 Juni

Siku ya ushindi! Halafu siku ya msiba. Nianze na ushindi.

Nimekwenda ofisini kwao Kariakoo, mwenyewe, nimevaa kanzu ya Idi. Simu nimemwachia Adelard ailinde. Nimemwagiza kwamba Somoe akipiga amwambie nipo, nimetoka kidogo tu, nakuja, asikate.

Nimeingia nimekunja uso. Sekela akasimama, akapiga goti kidogo, shikamoo baba. Uso ukakunjuka wenyewe! Binti mwembamba wa Mbeya, sauti ileile. Nikaletewa soda. Nikazungushwa nikaoneshwa mafriji, meupe, marefu, moja lina taa ndani. Nilitazama kwa dharau, ila lile la taa nililifungua mara mbili.

Meneja, bwana Fransis, akasema sheria ya kampuni inaruhusu mtu kutoka, lakini lazima aache mwingine mahali pake. Hapo akili yangu ikawaka! Nikawapa Twaha. Shemeji yangu, mwenye duka Kigamboni, mwenye simu dukani, anayemwambia dada yake kila siku kwamba mie ni chizi. Sekela akauliza ni nani kwangu, nikasema shemeji, tena tunapendana sana. Nimetoka pale natabasamu peke yangu barabarani. Twaha, pokea shikamoo hizo!

Sasa msiba. Nimefika nyumbani, Adelard ananiambia mwanamke amepiga, ameniulizia. Nikamshika shati. Amemjibu nini? Adelard amesahau maagizo yangu yote! Amemwambia Mwinshehe, yaani mie, hayupo, amekwenda Kariakoo kwa watu wa mafriji. Yule mwanamke akakata papo hapo.

Alikuwa Somoe? Adelard hajui, anasema wanawake wote kwenye simu ni wamoja. Yarabi! Mara moja alisema. Mara moja, na mie niko Kariakoo nafungua friji la taa!

Sijala. Nimemkumbuka Somoe anavyoonja ukwaju kwa ncha ya ulimi, jicho moja kalifumba. Roho inaniuma kweli. Labda hakuwa yeye. Penye simu siondoki tena.

Alhamisi, 6 Juni

Simu ya kwanza leo: Sekela. Nikamuuliza, binti yangu, sikufutwa jana mbele ya macho yako? Akasema nimefutwa baba, kwenye wateja wa Temeke. Sasa nimehamishiwa kwa wateja waliofika ofisini wenyewe. Hao wanapigiwa zaidi.

Nilikata tamaa. Nikakaa sakafuni. Nikawaza, ni mtu gani duniani asiyeweza kuuziwa friji? Ebo! Jibu nikalipata palepale.

Ilipolia tena nikaziba pua kwa vidole, nikaongea kwa sauti ya watu wa Kilwa. Nikasema mie ni ndugu yake marehemu. Marehemu nani? Marehemu Mwinshehe. Ametutoka asubuhi hii, ghafla, akiwa ameshika simu.

Papo hapo Sekela akaanza kulia! Kulia kweli, mpaka Gregori akachukua simu akaniuliza nimemfanya nini mwenzake. Sekela akarudi, akasema jana tu alikuwa na marehemu, alikuwa mtu mzuri, mpole, alilipenda friji la taa. Lo! Machozi yakanitoka na mie. Nilimshukuru kwa niaba ya familia.

Tangu hapo simu haijalia hata mara moja. Kimya kitamu! Kwa nini sikufa tangu Jumatatu?

Ijumaa, 7 Juni

Uani bado kuna watu. Naandika hivyohivyo.

Asubuhi nilitoka na bakuli kwenda kununua supu. Simu ilikuwa imetulia, nikajipa nafasi. Pale kwa muuza supu nikakuta maneno ya mpira, nikaketi, nikachelewa. Kurudi, naona watu wamejaa uani! Majamvi yametandikwa mbele ya mlango wangu na mbele ya mlango wa Adelard, turubai linafungwa, wanawake wanalia ndani. Nikakumbuka kile kikohozi. Maskini, Adelard kafa!

Nikavua viatu. Nikaficha bakuli chini ya ukingo wa jamvi, nikaketi nyuma kabisa, miongoni mwa wanaume nisiowajua. Nikapewa kahawa. Nilihuzunika kwa dhati, nilimpenda yule fundi. Nikamnong'oneza mzee wa pembeni yangu, marehemu amezikwa au bado? Akasema bado, maiti yenyewe haijulikani iko hospitali gani, shemeji yake ametuma vijana kuitafuta. Nikatikisa kichwa. Mzee akaendelea kwamba marehemu alikuwa mtu wa ajabu, aliuza friji la mkewe akanunua simu. Nikasema innalillahi, kuna watu wapumbavu!

Halafu nikatulia na kikombe mdomoni.

Nikainua macho. Adelard kasimama pale, mzima, anafunga kamba ya turubai huku analia. Anawaapia watu kwamba asubuhi aliuona mzimu wangu ukipita na bakuli la supu. Na Twaha anatoka ndani kwangu, kapakata sanda. Tukaangaliana.

Twaha ni mtu mnene. Alipiga kelele ya mwanamke mwembamba. Sanda ikaruka upande wake na yeye upande wake. Watu wakatawanyika, mzee wa pembeni yangu aliruka ukuta, na umri ule!

Mambo yalikuwa hivi. Sekela, kwa adabu zake, hakuona vyema kampuni ikae kimya kwenye msiba. Akapiga kwa yule ndugu wa marehemu niliyewapa mwenyewe: shemeji, tena wanaopendana sana. Twaha akapokea salamu za rambirambi dukani. Asubuhi wakavuka bahari na pantoni ya kwanza, ukoo mzima.

Somoe akatoka ndani. Macho yamevimba, kanga kajifunika mpaka kichwani. Akanitazama toka juu mpaka chini. Nikasema assalamu alaykum. Alikuja polepole, akanishika shavu, akalifinya kuona kama ni nyama. Kisha akaivua ile kanga, akajifunga kiunoni, na waliomjua Somoe wakasogea nyuma. Alinichapa kwa kandambili ya maiti, yaani yangu. Alisema amelia pantoni nzima, amelia mbele ya wanaume wasiomjua, amemwambia Mungu kwamba ananisamehe friji na kila kitu. Sasa anataka msamaha wake urudi!

Hapo ndipo pikapu ya Baridi Bora ikaingia. Fransis, Gregori, na Sekela kavaa kitenge cheusi. Wameleta katoni za soda, na kwa heshima ya marehemu wameleta lile friji la taa, la kuazima, maji ya wafiwa yapoe. Sekela akaniona. Aliita Yesu mara tatu, akaegemea pikapu, midomo inacheza bila sauti. Mwisho ikatoka: shikamoo.

Marahaba, nikasema. Ningefanyaje?

Friji likashushwa, likaingizwa ndani, stuli ya simu ikasogezwa, likachomekwa, likaanza kunguruma pale kwenye kona yake. Somoe akaacha kunichapa. Akaenda akalifungua mlango. Taa ikawaka usoni kwake. Akaingiza mkono ndani, akausikilizia ubaridi, akafunga taratibu. Akasema hili haliondoki.

Fransis akakohoa, akasema kwa kuwa marehemu yu hai, basi ni mteja. Nikaletewa kalamu. Kandambili bado ilikuwa mkononi mwa Somoe. Nikatia sahihi.

Jumamosi, 8 Juni

Watu walikula pilau ya matanga yangu mpaka ukoko. Tamu! Nilipata minofu miwili kama marehemu.

Ile sanda nimejipima. Inafika magotini. Hata kifo changu Twaha amekibania kitambaa. Nilipomsema, akanijibu kwamba tangu Alhamisi Gregori anampigia dukani mara nne kwa siku na wateja hawawezi kuagiza bidhaa. Nilijifanya sielewi.

Usiku Somoe ameniambia jambo. Jumatano ni yeye aliyepiga. Alipoambiwa nimekwenda kwa watu wa mafriji, alikata simu kwa furaha, akaenda kukunja nguo zake. Alijua nimekwenda kumtafutia friji. Alikuwa ameshafunga mkoba, Ijumaa angerudi mwenyewe, kimyakimya, bila mtu kufa.

Nilimwambia ni kweli, nilikwenda kumtafutia friji. Akanitazama sana. Akasema nilale.

Nimefurahi amerudi. Nyumba ina harufu ya ukwaju. Sitathubutu tena kumkasirisha Somoe, wallahi.

Jumatano, 12 Juni

Simu. Sekela. Shikamoo, marahaba, habari za nyumbani, mama hajambo? Safari hii nimejibu kwa moyo mweupe kwamba hajambo. Anauliza friji linaendeleaje. Nikasema vizuri. Anauliza kama tumefikiria friji la pili.

Nikaomba kufutwa. Akasema sawa baba, nimpe mtu mwingine tu. Nikampa Adelard. Hana simu, kwa hiyo watampigia kwangu, lakini zitakuwa zake, si zangu.

Nimekaa nimefikiri sana leo, na nimegundua kosa liko wapi. Kosa si simu. Kosa ni sauti! Mtu akikusalimu kwa sauti, umekwisha. Sasa kuna bwana mmoja Kariakoo ana mashine inaitwa faksi. Ukipigiwa, inatoa karatasi tu. Karatasi haiwezi kukupigia goti, wala haiulizi mama hajambo. Na mtaa mzima wa Tandika hauna faksi! Watakuja kwangu wote! Yule bwana hataki hela, anataka kubadilishana tu. Ameniuliza kama nina kitu kizuri cha umeme, kipya kipya.

Jumamosi Somoe anakwenda kwenye harusi Segerea, atashinda huko. Nimeshaongea na Adelard kuhusu mkokoteni.