Hotspoti ya Baba wa Bwana Harusi

Jumatatu, 4 Tikimt 2017

Nimechoka kabla wiki haijaanza. Mwanangu Surafel anamuoa Hirut Jumapili. Huko Stockholm! Viza tulinyimwa, mimi na mama yake, kwa barua fupi kabisa. Basi imeamuliwa kwamba baraka ya wazazi nitaitoa kwa video. Saa tisa alasiri wataweka skrini juu ya kiti, maharusi watapiga magoti, watabusu skrini palipo na magoti yangu, nami nitawabariki. Mtoto wangu wa pekee. Sina mwingine wa kumfanyia.

Atsede, mke wangu, akasema twende tu kwa jirani. Ato Demissie ana intaneti ya waya na televisheni pana kama mlango. Nikamuuliza kama ana homa. Demissie! Tumefuma mablanketi pamoja kiwandani maisha yetu yote. Yeye ndiye aliyepandishwa kuwa msimamizi wa stoo, stoo ambayo niliipanga mimi. Leo nimbariki mwanangu nikiwa nimezama kwenye kochi lake? Thubutu!

Mpango ninao. Simu yangu ina intaneti. Kamera yake ilikufa ilipoangukia kwenye sufuria ya mchuzi, na simu za video inazikataa tangu hapo, lakini intaneti haikudhurika. Surafel alitutumia laptopu, iko kabatini imeviringishwa kwenye shuka. Nawasha hotspoti kwenye simu, laptopu inachota intaneti humo, tunaonana na Stockholm. Nyumbani kwangu, kwa mtandao wangu. Demissie atakaribishwa kutazama. Akae kwenye stuli.

Jumanne, 5 Tikimt

Laptopu imewaka. Maandishi yote ni ya Kiswidi. Haidhuru, tarakimu nazisoma. Na tarakimu zenyewe zilikuwa za ovyo! Eti mwaka 2024, mwezi wa kumi. Wazungu wanahesabu hivyo, shauri yao. Nyumba hii iko Ethiopia, mwaka 2017, Tikimt, mwezi wa pili, na kalenda ya kanisa inaning'inia ukutani. Saa nayo ilionyesha saba, wakati jua ndiyo kwanza linachomoza na kila mtu hapa Debre Birhan anajua ni saa moja. Nikasahihisha vyote kwa mkono wangu. Nikajisikia nimeshafanya kazi.

Kisha hotspoti. Simu ikaniomba jina. Nikaandika DEMISSIE ANAONA WIVU. Nywila, majina ya maharusi. Laptopu ikaliona jina, ikaunganika papo hapo. Nikapiga makofi peke yangu.

Nikafungua ukurasa wa video. Ukaja ukurasa mweupe, pembetatu nyekundu, na Kiswidi kirefu chini yake. Nikajaribu ukurasa mwingine. Pembetatu. Nikazima simu nikaiwasha. Pembetatu. Nikazima laptopu nikaiwasha. Nikazima taa ya sebuleni nikaiwasha, sijui kwa nini. Pembetatu.

Jumatano, 6 Tikimt

Bando limekwisha! Nilinunua la wiki nzima, limeisha asubuhi moja!

Mwizi nimempata jikoni. Jana Atsede alikaanga kahawa, akaita wanawake wa uani. Kikombe cha kwanza, akajisifu kwamba mumewe ana hotspoti. Kikombe cha pili, wakamuuliza nywila ni nini. Kikombe cha tatu, akawapa. Nilipomkaripia akanishangaa. Wageni wamekaa nyumbani kwake, wamekunywa kahawa yake, angewanyima kitu kisichojaa hata kiganjani?

Emebet, nesi aliyepanga chumba chetu cha nyuma, alitazama tamthilia hadi mwisho. Akanipongeza, akaniita Gashe kwa heshima ya uzee wangu. Akasema, "Gashe, mtandao wako mtamu sana, kasoro lile jina tu." Nikamwambia kwangu haufungui kitu. Akasema kama kwenye simu yake unafungua na kwenye laptopu haufungui, basi labda ugonjwa uko kwenye laptopu. Nesi wa watoto wachanga huyo, anajua nini? Laptopu imetoka Ulaya. Itaugulia wapi?

Hapana. Hotspoti ilichoshwa na watu. Nimenunua bando jingine. Nimebadilisha nywila, simwambii mtu. Nimeizuia simu isipokee zaidi ya kifaa kimoja. Nimeizuia isijilaze kubana betri. Halafu nikakaa nikafungua kwa upole, bila haraka.

Pembetatu. Nimekula shiro baridi nikalala.

Alhamisi, 7 Tikimt

Demissie kaja. Na sukari mkononi, ya harusi, na tabasamu. Akasalimia vizuri, akauliza afya ya kila mtu, kisha akasema, "Nimesoma kwenye simu yangu kwamba naona wivu." Nikajifanya nakohoa.

Akaiona laptopu mezani na pembetatu yake. Akainama. Akatazama pembeni, penye tarehe. Akafunga mlango kwanza, ndipo akanieleza, kwa sauti ya chini. Eti naye mwaka jana aliinunulia familia kompyuta, naye akaiweka kwenye mwaka wetu, na haikufungua chochote, hata kwa hasira akamfukuza fundi wa intaneti kwa bakora. Fundi hana kosa. Eti kila ukurasa una cheti chake chenye tarehe. Kompyuta ikidhani huu ni mwaka 2017 wa wazungu, inaona vyeti vyote havijazaliwa bado, inaogopa, inafunga mlango. "Rudisha tarehe yao, Mengesha. Itafunguka sasa hivi. Na ukishindwa, kochi langu ni lenu, njooni tu."

Nikauona mtego pale pale. Mzee mzima, shemasi wa zamani, ananishawishi niweke mwaka wa wazungu ndani ya nyumba yangu! Na hata ingekuwa kweli, je? Ingefunguka, na Jumapili yote, mbele ya wazee wa idir, chama chetu cha kuzikana, tungesikia jinsi Demissie alivyoiokoa harusi ya mwanangu. Nikamshukuru sana. Nikamsindikiza hadi getini.

Atsede alikuwa amesikia yote. Akasema nijaribu tu, ni jambo la kubonyeza. Nikasema sibonyezi. Akaendelea kuchambua dengu. Baadaye akasema yeye hajali intaneti ni ya nani. Tangu kamera ya simu ife anamsikia mwanawe, hamuoni. Anataka kumuona amevaa suti. Basi.

Nikamwambia atamuona. Nilikuwa na hakika kabisa.

Ijumaa, 8 Tikimt

Nimeweka simu dirishani. Nimeiweka juu ya kabati. Nimeiweka ndani ya sufuria ya alumini, mtu mmoja kiwandani alisema inavuta. Nimeiweka chini ya picha ya Malaika Gabrieli.

Mgongo unauma.

Jumamosi, 9 Tikimt

Nimegundua! Urefu. Mnara wa simu uko kilimani, nyumba yetu iko bondeni, intaneti inapita juu ya vichwa vyetu kwenda kwa wengine. Simu lazima iwe juu ya paa.

Ngazi ndefu anayo mtu mmoja tu hapa uani. Nikaenda. Nikamwambia Demissie nataka kuzibua mfereji wa bati. Mvua zimekwisha kitambo, lakini hakuuliza. Akaibeba mwenyewe, akaisimika mwenyewe, akaishika nikiwa napanda kujaribu. Akiwa pale chini akauliza kama nilijaribu lile jambo la tarehe. Nikasema nimejaribu, halikusaidia. Uongo mtupu. Akaniambia niangalie bati la tatu, limeoza.

Atsede amefua vazi lake jeupe, amelitandaza juani. Leo amepika injera ya kutosha watu wote wa uani. Kila akipita karibu na laptopu anaifuta vumbi.

Jumapili, 10 Tikimt

Nitaandika tu, ingawa sitaki.

Baada ya chakula cha mchana nikapanga viti mbele ya laptopu. Atsede akakaa cha mbele, vazi jeupe, wanja machoni. Emebet nikamweka kwenye laptopu, awe anaripoti. Mimi nikapanda paani na simu, nimejifunga gabi, shuka langu zito, juu ya suti. Upepo wa kuondoka na mtu!

Nikainua simu. Nikapiga kelele, vipi? Emebet akajibu kwa kelele, "Pembetatu, Gashe!" Nikasogea penye bomba la moshi. "Pembetatu!" Nikasimama kwa mguu mmoja ukingoni. "Sasa hata jina halionekani, Gashe, uko mbali mno! Rudi!" Nikarudi. "Jina limekuja! Na pembetatu imekuja!"

Saa tisa ikafika. Atsede akatoka nje uani. Hakupiga kelele. Akasema, "Baba Surafel, shuka. Watoto wanasubiri. Twende kwa jirani." Nikamwambia dakika mbili. Akabaki amesimama anaangalia juu, amekinga macho kwa mkono. Halafu akaweka mtandio wake wa netela sawa kichwani, akavuka ua. Emebet akamfuata.

Kutoka kwenye bati langu mlango wa Demissie unaonekana wote. Walikuwa wameuacha wazi kwa sababu ya watu. Nikaiona televisheni. Nikamuona Surafel! Mrefu, amenenepa kidogo, ua kifuani. Atsede akaenda moja kwa moja hadi kwenye kioo akakishika kwa mikono miwili. Nikasikia kijana anauliza baba yuko wapi. Nikamsikia Atsede anasema baba yuko njiani. Njiani! Nilikuwa juu ya paa kama paka.

Wakangoja. Demissie mwenyewe akatoka nje, suti imepigwa pasi, akaja hadi chini ya ngazi. "Mengesha, ndugu yangu, shuka bwana. Kiti cha mbele nimekuwekea. Mtoto anakungoja wewe." Nikamwambia nalishughulikia, imebaki kidogo sana. Akasema ukumbi wa kule una muda wake. Nikasema dakika mbili. Akangoja tena. Kisha akainamisha kichwa akarudi ndani.

Ningeweza kushuka. Ngazi ilikuwa pale, miguu mizima ninayo. Lakini ningeingia mle ndani mbele ya watu wote na simu mkononi, na kila mmoja wao amesoma lile jina. Nikabaki nimeinua mkono.

Harusi haiwezi kukaa bila mzee wa kubariki, na mzee aliyekuwepo alikuwa Demissie. Akasimama, akafungua mikono. Mzeeke pamoja. Amina! Mlango wenu usikose mgeni. Amina! Mzae wenye kuwapita ninyi. Amina! Sauti zilikuja na upepo, moja baada ya nyingine. Alibariki vizuri, siwezi kusema uongo hapa. Na mwisho akasema anafanya hivyo kwa niaba ya baba yao, Mengesha, mtu mwema. Hilo ndilo lililonivunja. Ningependa angejisifu.

Maharusi wakainama wakabusu magoti ya Demissie.

Nikalia. Kulikuwa na vumbi, lakini nililia.

Atsede alirudi jioni na bakuli la mchuzi wa kuku lililofunikwa. Akaniwekea. Akasema Surafel anavaa miwani sasa. Hakunigombeza hata neno moja. Afadhali angenigombeza.

Jumatatu, 11 Tikimt

Surafel kapiga simu. Simu ya kawaida, ya kusikilizana tu. Nilidhani amekasirika. Hakukasirika. Akasema Ato Demissie aliwabariki vizuri, Mungu amlipe, lakini baba ni baba. Akasema jana usiku hakufurahi kama alivyotarajia. Kisha akasema, "Baba, mimi na Hirut tumepiga magoti hapa sebuleni. Picha hatuitaki. Weka spika mama asikie, useme maneno tu. Hata mawili."

Nikaweka spika. Atsede akaja mbio kutoka jikoni, unga mikononi, akasimama mbele yangu, viganja juu, tayari kuitikia. Maneno ninayo, nimeyarudia wiki nzima. Nilishafungua mdomo.

Halafu nikaiona laptopu, bado iko mezani. Nikafikiri: kwa sauti tu? Kama tangazo la redio? Mtoto wangu wa pekee, na Demissie amembariki kwa picha, kwa rangi, ukutani!

Nikamwambia mwanangu anyanyuke apumzishe magoti, asubiri hadi Jumapili. Nikamweleza kwamba kosa nimelijua usiku huu. Ni bati! Bati linaitafuna intaneti. Dawa yake ni mlingoti wa mkaratusi, simu nitaifunga kileleni, na kila kitu kitafunguka. Nitawabariki wakiniona uso, kwa mtandao wangu mwenyewe.

Nikasikia Hirut anauliza kitu kwa sauti ndogo, na Surafel anamwambia ainuke. Kisha akasema, "Haya, baba."

Atsede akakunja viganja vyake, akarudi jikoni. Anaona mambo haya ni rahisi. Kesho mapema nakwenda sokoni kuchagua mlingoti.