Makufuli Arobaini Bila Ufunguo

Jumatatu, 4 Machi 1912. Stesheni ya Dodoma.

Mvua tangu alfajiri. Gari la moshi halijafika. Hakuna la kufanya ila kuandika, na mtu mwenye akili kama yangu asipoandika watu wengi wanapata hasara.

Leo tumefungua kasha la Mustapha mwenye duka. Makufuli arobaini mapya ya shaba, yote yamebanwa, na funguo hazimo. Zilitangulia wiki iliyopita katika mfuko mdogo. Karani wa mizigo aliushika mfuko ule, akadhani ni misumari ya reli, akauacha uendelee na gari. Mungu ndiye ajuaye uliposhuka. Karani wa mizigo ni mimi, Halfani, lakini Mustapha hajui na sioni sababu ya kumwongezea huzuni.

Amekaa juu ya kasha, ameshika tama. Nikamwambia kufuli bila ufunguo ni mchezo mzuri kuliko bao. Sisi wageni wa mji huu tunakaa kati ya gari na gari tukifukuza nzi. Tujifunze kuyafungua kwa waya! Akanigawia sita. Silvano, karani wa tiketi, kijana wa misheni mwenye kucha safi kupita kiasi, akachukua sita bila kukaribishwa.

Tumeunda chama. Rais ni mimi. Sheria ni moja na nimeitunga mwenyewe: mwanachama hafungui kufuli linalolinda kitu cha mtu mwingine.

Jumatano, 6 Machi.

Silvano amefungua matatu. Mimi bado. Anasema siri ni kusikiliza kwa vidole. Vidole vyangu havisikii kwa sababu ya unyevu wa masika. Nimevunja nyaya nne, na mbili zilikuwa spoku za baiskeli ya Bwana Stesheni. Baiskeli inakwenda bado, ila inayumba kidogo.

Habari kubwa. Mzee Zaidi amekubali posa yangu! Nitamwoa binti yake, Batuli, Ijumaa ya tarehe 22. Mzee Zaidi ni mfanyabiashara wa samli kutoka Kondoa, amepanga vyumba kwenye tembe la Mzee Matonya, Mgogo mwenye ng'ombe wengi kuliko maneno. Nami nimepangiwa chumba cha mwisho cha tembe hilohilo. Nimeshahamisha sanduku langu. Bawaba zake zilivunjika siku niliyokuja na gari la moshi, kwa hiyo kifuniko nimekifunga kwa nyuma na kamba ya gome la mbuyu. Kwa mbele liko imara kabisa.

Mzee Zaidi ametoa sharti moja. Amesikia habari za chama. Amesema hapa mwizi hupelekwa bomani akala viboko hamsa ishirini, na askari hawaulizi kama ulikuwa unacheza. Hatampa binti yake mtu anayechokoa milango ya watu. Nikaapa kwamba sitagusa mlango wa mtu. Batuli alikuwa nyuma ya pazia, nikamsikia akicheka. Moyo ulinipasuka kwa furaha.

Jumapili, 10 Machi.

Siku mbaya, ingawa si kwa kosa langu.

Mzee Matonya naye amenunua kufuli moja kwa Mustapha, wazi, mojawapo ya yale aliyoyafungua Silvano. Amelitia kwenye mlango wake akalibana. Hana ufunguo wala hautafuti. Anasema linapendeza. Nikaona hapa ndipo nitakapomzima Silvano. Nikamwendea mzee, nikamwamkia kwa adabu, nikaomba ruhusa ya kulifungua mbele ya mashahidi. Akasema nijaribu tu, yeye hana neno. Kwa kuwa mwenye mlango ameridhia, kiapo changu hakijaguswa.

Nikaanza baada ya adhuhuri. Silvano na Mustapha walikaa juu ya kinu kilicholala. Mpaka alasiri nilikuwa nimepiga magoti kwenye matope, jasho linaingia machoni, na Silvano ananishauri nisitumie nguvu. Nikamjibu kwamba rais hashauriwi.

Ndipo akatokea Mama Anyesi, mke wa mzee, ana mzigo wa kuni kichwani na mlenda mkononi. Akatusalimu kwa Kigogo, mbukwa. Nikamwomba asubiri kidogo. Hakusubiri. Akaushika mlango upande wa pili, ule usio na kufuli, akaunyanyua, akauweka pembeni, akaingia kupika. Mlango ule ni wa fito zilizosukwa na hauna bawaba hata moja. Milango yote ya tembe hili iko hivyo, Mzee Matonya kaisuka kwa mkono wake.

Mustapha alicheka mpaka akaanguka kutoka kwenye kinu. Katika kitabu cha chama nimeandika kwamba jaribio lilivurugwa na mama wa nyumba, na kwamba kuhamisha mlango si ufundi.

Alhamisi, 14 Machi.

Amefika kwa gari la leo Bi Mwanahawa, shangazi yake Batuli, aliyeolewa pwani zamani. Mizigo kumi na moja. Nimeibeba mimi.

Kabla hajanawa miguu ametangaza kwamba harusi itakwenda kwa taratibu za pwani. Baada ya nikahi bibi harusi atakaa chumbani, mlango utafungwa, wanawake wataulinda, na mimi sitaingia mpaka nitoe kifungua mlango. Anataka doti mbili za kanga mpya. Amekuja na kufuli lake mwenyewe, kubwa kama kobe, na ufunguo wake anauvaa shingoni.

Sina ubahili. Doti mbili za kanga nimeshazinunua, na ya tatu, nyekundu, nzuri kuliko zote, ni ya Batuli peke yake. Lakini rais wa chama cha makufuli atoe kanga ili afunguliwe mlango? Silvano atalala njaa kwa kicheko.

Jumatano, 20 Machi.

Nimelipima jambo hili kisheria. Kiapo kinasema nisiguse mlango wa mtu. Lakini nikahi ikishapita, aliye nyuma ya mlango ni mke wangu. Mtu hawezi kuwa mwizi wa mkewe. Chama hakina pingamizi, nimemwuliza rais.

Nikamweleza Silvano. Amenisihi nitoe kanga niingie, amesema kufuli la pwani lina meno ndani na litameza waya. Huo ni wivu. Jana usiku nilifungua kufuli langu la kwanza! Halikuwa limebanwa mpaka mwisho, lakini lilikuwa kufuli.

Ijumaa, 22 Machi.

Naandika yote.

Nikahi baada ya sala ya Ijumaa. Salama. Nikapelekwa mlangoni kwa ngoma. Wanawake wamejaa, Bi Mwanahawa mbele, ufunguo unang'aa kifuani. Akanyoosha mkono apokee kanga. Nikamwomba asogee kidogo. Nikachomoa waya kwenye kilemba.

Ngoma ikanyamaza. Nikasikiliza kwa vidole kama anavyofanya Silvano. Nikasikia kitu! Nikasukuma. Waya ukakatika, kipande kikabaki ndani.

Bi Mwanahawa akanisogeza kando. Akatia ufunguo wake. Haukuingia. Akaujaribu tena, haukuingia. Akaitwa Silvano, akageuza uso kwa heshima ya wanawake, akachokoa kwa kupapasa, akasema kufuli hili limekufa. Kutoka ndani Batuli akauliza kama kuna mtu anayekumbuka kwamba hajala tangu jana.

Akaja Mzee Zaidi. Akaona waya, akaniona mimi. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama hiki ndicho kiapo cha watu wa stesheni. Nikaanza kumweleza habari ya sheria. Hakutaka kuisikia. Nyuma ya ua askari wa boma alikuwa amesimama anauliza ni nani anavunja mlango.

Mama Anyesi alikuwa kati ya waalikwa. Akaweka chini kibuyu chake, akaomba njia, akaushika mlango upande wa pili, akaunyanyua, akauweka pembeni.

Vigelegele mpaka askari akaenda zake. Bi Mwanahawa akachukua doti zangu zote mbili. Moja akampa Mama Anyesi kwa kufungua mlango, moja akabaki nayo kwa kuharibiwa kufuli. Batuli akatoka, mzuri kuliko nilivyomdhania, manukato yananifikia. Akanipita. Amekwenda kwa Mama Anyesi kula ugali wa uwele. Ametuma neno kwamba atarudi siku nyumba yangu itakapokuwa haina mchokoaji. Mzee Zaidi ameongeza kwamba nikichelewa kupita Jumatatu, ataleta mashahidi niandike talaka.

Jumatatu, 25 Machi.

Siku tatu ni mwanamume aliyeoa asiye na mke. Chumba kimya. Nasikia kicheko chake ng'ambo ya ukuta, anafundishwa kutwanga uwele, na kicheko hicho si changu. Nampenda. Sikujua kwamba kupenda kunauma hivi.

Leo nimekata shauri. Mbele ya Mzee Zaidi, Bi Mwanahawa, Silvano na wapangaji wote nimetia sandukuni makufuli yangu sita, nyaya zote na kitabu cha chama. Juu yake nikaweka ile doti nyekundu ya Batuli, nitakayompa siku ya saba ya harusi. Nikafunga kwa kufuli jipya ambalo Mustapha amepata na ufunguo wake, la pekee dukani. Ufunguo nikamkabidhi Batuli mkononi.

Batuli akalizunguka sanduku. Akalitazama mbele. Akalitazama nyuma, akakaa huko muda. Akatabasamu kwa namna nisiyoielewa, akasema anakubali kurudi. Nililia mbele ya watu na sikujali. Hata Silvano alipangusa macho, au alikuwa na vumbi.

Jumatano, 27 Machi.

Raha. Batuli anapika, anaimba, ananiita mume wangu. Ufunguo anauvaa shingoni kama shangazi yake.

Tatizo dogo. Kofia yangu ya stesheni niliifungia sandukuni kwa bahati mbaya, na kesho ni siku ya gari. Bwana Stesheni hapokei mtu kichwa wazi. Naweza kumwomba Batuli ufunguo, lakini atadhani ninazitamani nyaya. Kumpa mke wasiwasi katika wiki ya kwanza ni ukatili. Kwa hiyo nitalifungua kimya kimya, nichukue kofia tu. Sanduku ni langu, kofia ni yangu. Sheria haijavunjwa. Nimepata spoku ya tatu.

Nimeanza alipokwenda kisimani. Kufuli gumu. Amerudi, akauliza ni sauti gani. Nikasema panya. Akasema panya mwenye akili angeanzia nyuma. Batuli hajui tabia za panya.

Jambo la ajabu, amevaa kanga nyekundu. Inafanana sana na ile niliyomfungia. Ufunguo uko shingoni, na kufuli halijaguswa, nimelikagua mwenyewe. Lazima duka la Mustapha liliuza mbili.

Kamba ya nyuma nimeikuta imelegea. Nimeikaza kwa mafundo mawili, kisha nikarudi mbele kwenye kufuli.