Binti Yangu Yuko Mwendo wa Saa Mbili

Jumatano, tarehe 5 Juni

Niwie radhi, shajara. Tangu Januari sijakuandikia hata mstari mmoja. Nilikuwa nimenuna. Mwaka wa tatu huu binti yangu haji nyumbani; kila nikimuuliza, hujibu kwamba Baba, ni mbali mno. Nami nikaamini! Leo amenitumia tiketi yake kwenye simu. Anakuja Jumamosi na mjukuu ambaye sijapata kumshika. Nikavaa miwani. Ndege inaondoka kwao saa tatu asubuhi. Inatua kwetu saa tano asubuhi, siku hiyohiyo. Mwendo wa saa mbili! Hata kwa kinyozi hukaa zaidi.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Nimemwonyesha shemeji, kaka wa mke wangu, mtaalamu wa kila kitu kwa sababu aliwahi kupanda ndege mara moja. Akacheka hadi akashika ukuta. Eti ni kilomita elfu nane na ushee, mwendo wa saa kumi. Eti jua huwachomozea wao kwanza, ndiyo maana saa zao zimetutangulia kwa saa nane. Nikamjibu kwamba jua ni lilelile moja. Akasema haya, shemeji, tutaonana uwanjani. Wivu mtupu! Binti yake anaishi mtaa wa pili, naye haji.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Mpango umekamilika. Nitamsomea hukumu palepale uwanjani: kuanzia sasa, kila Jumapili aje kula chakula cha mchana, jioni arudi kwake. Nimemkataza mama watoto kupika. Mtu aliyekunywa chai kwake asubuhi hawezi kutua na njaa. Akaniuliza kama nina homa.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Wametoka! Binti miguu imevimba, nywele zimelala upande mmoja. Nikakohoa ili nianze. Akaniangukia kifuani: Baba wee, nimechoka, nina njaa, saa kumi nimempakata huyu! Shemeji naye akakohoa. Mjukuu akanikamata pua, akakataa kuiachia. Hukumu yote ikayeyuka. Nikawaza kwa aibu: nyumbani hakuna chakula! Kumbe mama watoto alikuwa amepika kwa siri, sufuria tatu. Tukala, tukacheka, hasa nilichekwa mimi. Nikakiri mbele ya wote kwamba ni saa kumi.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Binti angali amelala. Nimeikagua tiketi ya kurudi. Inaondoka hapa saa tatu asubuhi, inafika kwao saa tisa usiku. Saa kumi na nane! Njia ileile! Basi kuja ni mteremko, kurudi ni mlima. Shemeji ameanza tena habari za jua. Nimemwomba anywe chai yake. Mzazi gani atampandisha mtoto mchanga mlima wa namna hiyo? Shauri langu: asirudi. Nimekwisha kuitoa baiskeli yangu chumbani mwake. Ameamka, nimemweleza, amecheka hadi machozi, kisha amesema atafikiri. Amesema atafikiri! Akiamua, nitakuandikia.