Mwizi wa Gitaa Langu Ng'ambo ya Bonde

Jumatatu, 5 Novemba 2007

Naibiwa! Si viazi, si mbuzi. Sauti!

Watu wa Goma hawajui kwamba hapa kambi ya wakimbizi ya Lushebere tuna orkestra tatu. Wanadhani tunajua kupanga foleni tu. Kuna akina mama wanaoimba kwa kengele za ng'ombe. Kuna wazee wa likembe, vinanda vya kupiga kwa vidole gumba, vyao vya vyuma vya mwavuli. Na kuna Orkestra Ukungu: mimi Kasika, gitaa la nyuzi za breki ya baiskeli, na Benita mwimbaji. Yetu ndiyo inayotia kizunguzungu. Siri yangu: spika ya redio ndani ya bidoni, dumu tupu la maziwa, bidoni inaning'inia kwa kamba, Benita anaisokota, anaiachia. Muziki unazunguka mpaka watu wanashika nguzo.

Leo jioni nimepiga wimbo mpya. Kila nikipumzika nausikia ng'ambo ya bonde, mlimani kwa Ladislas mfuga ng'ombe. Wimbo huohuo! Nilikosea kidole, naye akakosea palepale.

Jumanne, 6 Novemba

Papa Raphaël, mfanyabiashara wa Butembo, atakuja Jumapili na redio-kaseti. Atarekodi orkestra moja tu. Kaseti itapanda lori lake hadi Walikale.

Lazima iwe yangu. Mdogo wangu Jacques, mpiga likembe, tulipotezana tulipokimbia Ntoto, kule Walikale. Mwaka wa pili huu, sijui kama yuko hai. Akisikia gitaa langu atajua mimi niko hai. Itaniuma vibaya akimsikia Ladislas.

Nimemchunguza. Nikipiga, anapiga. Nikinyamaza, ananyamaza nyuma yangu kidogo. Mwoga! Lakini siri kaipata kwa nani? Benita anacheka sana siku hizi. Kikulacho ki nguoni mwako. Nimeacha kumsalimia.

Alhamisi, 8 Novemba

Mpango! Alfajiri nimetoa spika na kuficha bidoni katikati ya bidoni za Mama Nyirakamana, shangazi yake Ladislas, pale wanapokusanya maziwa. Mwizi hapekui kwao. Nilijipongeza hadi saa nne.

Saa nne Nyirakamana akafika, bidoni yangu kichwani, maziwa hadi shingoni. Nikamuuliza nani kamtuma. Akasema bidoni ilikuja yenyewe kuomba: “Papa Kasika, siye haturudishake chombo bule. Unyweshe batoto.” Mke wangu Adrienne akapokea kwa mikono miwili na kushukuru mno. Mimi nikanusa. Maziwa ya bure, siku tatu kabla ya kurekodi? Sumu!

Ijumaa, 9 Novemba

Watoto wamelia kwa kunyimwa maziwa. Adrienne haongei nami. Sawa, walie wakiwa wazima.

Nimefunga bidoni kwa waya na kuipeleka kwa Papa Ndayambaje, rais wa kambi, iwe ushahidi. Akaniuliza kama nina homa. Nikakataa kuondoka. Mwishowe akaandika karatasi, akapiga muhuri, akafungia bidoni ofisini kwake. Ladislas, umepatikana!

Jumapili, 11 Novemba

Ndayambaje yuko mkutanoni Masisi hadi Jumanne. Ufunguo uko mfukoni mwake. Bidoni iko ndani!

Papa Raphaël kafika baada ya misa. Nilitaka kulia. Bila bidoni gitaa langu ni mbu. Jacques hatamtambua mbu.

Mara, Ladislas huyo! Na bidoni yake, imeoshwa inang'aa. Akasema tuitumie. Akasema pia kwamba kwake hutusikiliza kila jioni, na mashine iwekwe kule juu: “Kule njo muziki iko mutamu zaidi.” Papa Raphaël akapanda mlima na redio-kaseti yake. Mtego wa wazi kabisa! Lakini nilimfikiria Jacques, nikakubali.

Benita kaimba. Kamba kaisokota Ladislas mwenyewe, mikono yote miwili, mbele yangu. Sikumwondolea macho hata mara moja. Nilipiga nyimbo nne, na wa mwisho niliupiga kwa machozi.

Jumapili, 25 Novemba

Yuko hai! Jacques yuko hai!

Dereva wa Papa Raphaël kaniletea kaseti na habari. Kaseti ililia sokoni Buleusa. Mtu mmoja mwembamba akaangusha mzigo wa mihogo, akapiga kelele kwamba huyo ni kaka yake. Nimemkumbatia Adrienne. Nimemkumbatia Benita. Nyirakamana alikuwa anapita na maziwa, naye nikamkumbatia.

Kisha dereva akamaliza salamu. Jacques anasema mimi bado nachelewa kwenye kiitikio. Ila yule wa gitaa la pili, anayenijibu, huyo ni fundi. Nimpe hongera.

Gitaa gani la pili?

Nimeisikiliza kaseti. Lipo! Nyuma yangu, kila wimbo, kila noti, hadi makosa. Ladislas kajipenyeza! Na mikono yake ilikuwa kwenye kamba, nilimwona. Basi ana ndugu. Familia nzima wezi!

Adrienne kacheka mpaka kakaa chini. Anasema ni mlima unaonijibu, kama unavyojibu anapomwita mtoto, kama ulivyojibu risasi za mwezi uliopita. Kambi nzima inajua.

Mlima! Mlima ulijifunzia gitaa wapi?

Wamemnunua mke wangu. Kwa maziwa! Kesho jioni nitakaa na gitaa mapajani bila kugusa uzi hata mmoja. Tuone Ladislas atanakili nini.