Bomba la Sabuni Lisilosimama

Jumatatu, 7 Julai 1958
Nimeamua. Unyapara ni wangu. Bwana Lalji, mwenye kiwanda, atamtaja nyapara mpya Jumamosi. Kazi hiyo ina nyumba ya mawe ya vyumba viwili, na bila nyumba baba mkwe hamruhusu mke wangu Rahab atoke kwao Kuresoi. Ati binti yake hawezi kulala kwenye kibanda cha makapera.

Mpinzani ni Kimaiyo, mpishi wa sabuni. Mpishi! Anachemsha mafuta ya ng'ombe na soda kali kwenye sufuria moja kubwa, anakoroga kutwa, anamimina, anaosha, anaanza upya. Hivyo ndivyo nyanya yangu alivyopika uji.

Jumatano, 9 Julai
Nimemweleza Bwana mpango wangu. Pipa la mafuta juu, pipa la soda kando yake, yote yateremke ndani ya bomba moja lililolala juu ya mtaro wa moto. Yakutane humo, yaive humo, na sabuni itoke upande wa pili bila kusimama, asubuhi mpaka jioni. Hakuna sufuria. Hakuna mwiko. Hakuna Kimaiyo. Hilo la mwisho sikulitamka.

Bwana akauliza nimesomea wapi. Nikamwambia akili ni mali, haina shule. Amenipa bomba kuukuu la maji na siku ya Ijumaa nijaribu.

Kimaiyo naye akauliza, kwa sauti yake ya kanisani, nani atakaa na moto saa ya chai. Nilicheka mpaka nikakohoa. Mtu wa sufuria amezoea vitu vinavyosimama. Nikamjibu bomba langu halihitaji yaya.

Ijumaa, 11 Julai
Asubuhi sabuni ilitoka, laini, ya manjano, ikawa inatiririka tu. Bwana alinishika mkono mbele ya watu. Nilimwonea Kimaiyo huruma, lakini kidogo.

Kisha kengele ya chai ikalia. Hapa kwetu kengele ya saa nne haingojwi, hata ungekuwa unabatizwa. Na nyapara ndiye huchota wa kwanza. Basi mimi, ili watu waanze kuzoea, nikatangulia foleni yote na kikombe changu. Nikaongeza cha pili. Nikawaeleza nitakavyopanga vitanda katika nyumba yangu.

Niliporudi moto ulikuwa majivu. Baridi ya Julai ikafanya yake. Sabuni imeganda bomba zima, na mafuta yaliyokosa njia yamefurika sakafuni. Bwana akateleza, akaketi humo na suruali nyeupe. Alisema mengi kwa Kigujarati. Sikuomba mkalimani.

Jumamosi, 12 Julai
Nyapara ni Kimaiyo. Alilipasha bomba moto kwa nje, akasukuma kwa mti, sabuni ikatoka fimbo ndefu. Akaikata vipande vya mviringo. Wanawake wa sokoni wanavigombania, wanasema vinakaa vizuri mkononi.

Na bomba litabaki! Bwana amekubali watu wanywe chai kwa zamu, ili moto uwe na mtu daima. Zamu. Hiyo ndiyo akili ya Kimaiyo, na watu wanaisifu. Nina uchungu.

Jumatatu, 14 Julai
Kimaiyo amenijia. Yeye hana mke bado, chumba kimoja kinamtosha. Ati nimlete Rahab, tukae cha pili bure, nami nishike kazi ya kulinda moto. Alisema kwa upole, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Machozi yalinikaribia. Nikasingizia moshi.

Mimi, mwenye bomba, niishi kwa hisani ya mtu wa mwiko? Nimekataa. Huko Molo kuna kiwanda cha siagi ambacho bado kinasukasuka pipa baada ya pipa, washamba wale. Kesho nakwenda kuwafumbua macho.

Kimaiyo akasema basi angalau nimuulize Rahab kwanza. Nimuulize nini? Mambo ya nyumba ni ya mwanamume. Nimempelekea salamu tu, kwamba angoje.